Ukuta Ambao Léon Aliukwangua

Asubuhi ya Jumatatu, siku tatu kabla ya Noeli, Alphonsine alitoka nje na beseni la maji mkononi akamkuta mume wake amepiga magoti mbele ya nyumba, panga mkononi, anakwangua ukuta. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa kwenye nywele na nyusi. Alikuwa anapiga mluzi, wimbo wa kanisa, na alipomwona mkewe alitabasamu kama mtoto aliyeteka maji kabla hajatumwa.

"Mama Jemima, nilisema nikusaidie," akasema. "Huu wa mbele nimemaliza. Leo tunakanda udongo, kesho tunapaka, kesho kutwa tunatia pembe. Polepole tu. Mwaka huu hakuna mutu wa kutukimbiza."

Alphonsine aliliweka beseni chini, taratibu sana, kwa sababu aliogopa kwamba akifanya haraka atampiga nalo kichwani.

Alikuwa amemwambia. Hakumwambia mara moja. Alimwambia mara tatu, na mara ya tatu mbele ya watoto wakiwa wanakula: kuta nyingine zote fanya utakavyo, ule wa mlangoni usiuguse. Na Léon aliitikia, "Ndiyo, nimesikia." Léon alijua sana kuitikia. Kanisani aliitikia, kwenye mikutano ya mtaa aliitikia, na watu wote wa Mudzipela walisema Alphonsine amepata mume mpole. Sasa mpole yule alikuwa amekaa juu ya visigino vyake, na mbele ya magoti yake, katika kirundo cha udongo mkavu uliomeguka, ilikuwamo mistari ya vidole vya mama yake Alphonsine, vipande vipande.

Mtu ambaye hakukaa kwetu huenda asielewe kwa nini mwanamke atetemeke kwa ajili ya udongo. Mudzipela, mtaa wetu huu wa Bunia, Desemba ni mwezi wa udongo. Nyumba nyingi ni za miti na matope, na mvua za mwaka mzima huzila kuta. Basi kabla ya Noeli wanawake na watoto hushuka bondeni kuchimba udongo mwekundu. Huuchanganya na majani yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, huukanyaga kwa miguu, kisha huufunika kwa majani ya migomba ulale usiku mmoja. Kesho yake hupakwa ukutani kwa kiganja, na kabla haujakauka mwanamke hupitisha vidole vyake, akachora mistari anavyojua yeye. Mwisho ni pembe, ule udongo mweupe, unaopakwa chini kama soksi za nyumba. Kazi hii haiwezi kuharakishwa. Mwenye haraka, ukuta humpasukia kabla ya Bonane, siku ya mwaka mpya, na majirani humcheka. Kwa maana tarehe ishirini na nne mchana watu hutembea nyumba kwa nyumba kutazama kuta, wakisifu na wakisengenya, na kila nyumba hutoa kikombe cha kahawa.

Ukuta wa mlangoni ulikuwa wa Koko Gertrude, mama yake Alphonsine, bibi wa watoto. Mama huyu alikuja Bunia kutoka upande wa Djugu mwaka kijiji chake kilipochomwa, na tangu hapo miguu yake ilivimba, haikumtii tena. Kwenda chooni alishikwa na watu wawili. Lakini Desemba ilipofika alidai kigoda, akawekwa mbele ya ukuta, akapaka akiwa amekaa. Kwa hiyo mistari yake ilianzia chini na kuishia pale mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Juu ya hapo ukuta ulikuwa mtupu. Tena kidole chake cha tatu kilikuwa kimepinda, jembe lilimwangukia akiwa msichana. Kila alipochora mistari minne, mmoja ulikuwa unaacha ukuta na kurudi, unaacha na kurudi, kama mtu anayechechemea katikati ya wenzake wazima. Alphonsine angeutambua mkono ule hata gizani, kwa kupapasa.

Naye alikuwa ameupapasa, mama yake akiwa amekwisha kufa. Nyumba ile haikuwa na picha ya Gertrude. Haikuwa na karatasi yenye jina lake. Kadi yake ya ubatizo iliungua kijijini. Mama hakusoma, na binti hakusoma. Walipotoka kwenye kambi ya wakimbizi mwezi wa tisa wakakuta mabati yameng'olewa, milango imebebwa, hata mafiga yametawanywa, ukuta ule ulikuwa umesimama na mistari yake. Alphonsine aliweka kiganja pale, akakaa hivyo mpaka Léon alipomaliza kufunga turubai la msaada juu ya nyumba.

"Nilikuambia nini?" sasa alimuuliza.

"Mama Jemima, lakini udongo mupya haushike juu ya wa zamani. Unajua. Utabanduka wote."

"Nilikuambia nini, baba Jemima?"

Léon alitazama panga lake. "Nilifikiri ukiamka ukute kazi imeisha, utafurahi. Siku hizi haufurahi."

Alphonsine aliingia ndani.

*

Hasira yake haikuzaliwa asubuhi ile. Ilizaliwa mwezi wa tano.

Mwezi wa tano wanajeshi wa kigeni waliondoka Bunia, na wenye bunduki na mapanga wakaingia kutoka pande zote, hawa wakiwatafuta wale na wale wakiwatafuta hawa. Watu walikimbilia kwenye uwanja wa ndege, walikokuwa askari wa kofia za buluu. Alphonsine alimfunga mtoto mdogo, Ketsia, mgongoni, akamshika Jemima mkono. Koko Gertrude hakuweza kutembea, basi ilibidi apande kinga, baiskeli ya Léon, nyuma kwenye kiti cha mizigo.

Alphonsine na jirani yake, Véronique, ndio waliomnyanyua wakampandisha. Léon alishika usukani akageuza uso pembeni, kama inavyompasa mkwe. Kwao mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali mbele yake, hata kikombe hampokezi. Huweka chini naye akaokota. Gertrude mwenyewe, bunduki zikilia hivyo, alikataa kushika kiuno cha Léon. Alishika chuma cha chini ya kiti. Alikuwa amedai viatu vyake vyeusi, vya Noeli, na Jemima alimvalisha.

"Shuka na barabara," Alphonsine alimwambia mumewe. "Siye tunakata mashambani. Tukutane uwanjani."

Léon alifika uwanjani jioni akisukuma baiskeli tupu.

Alisema mama aliteremka mwenyewe darajani. Alisema mama alimwambia: "Mwanangu, nenda ukawalee wajukuu wangu. Mimi nimechoka, Bwana ananingoja hapa." Alilia aliposema hivyo, na watu waliokuwa karibu walilia. Jumapili ya pili, chini ya turubai la kambi, wazee wa kanisa walimwomba asimame aseme tena, akasema tena, na safari hii Gertrude alikuwa ameongeza baraka kwa mji mzima wa Bunia. Watu walipiga makofi. Wanawake wasiomjua Gertrude walikuja kumkumbatia Alphonsine wakimwambia, "Ulikuwa na mama, dada. Ulikuwa na mama kweli."

Alphonsine alikumbatiwa akanyamaza. Alikuwa anafikiri: mama yangu alianza lini kuongea kama pasta? Mama yake aliogopa radi. Ikinguruma aliita jina la binti yake mpaka aje amshike. Mama yake alikuwa mlalamishi, mkali wa ulimi, mwenye kupenda kuishi. Alikuwa anakula karanga kwa siri asiwagawie wajukuu. Mtu kama huyo kukaa kando ya daraja na kumngoja Bwana, na viatu vya Noeli mguuni?

Kisha mwezi wa tisa waliporudi, Véronique alimvuta nyuma ya jiko. Véronique hakuwahi kukimbia. Alijificha siku nne ndani ya dari ya mtu. Yeye na wengine ndio waliozika waliokutwa darajani.

"Dada, sitaki kuvunja nyumba ya mutu," akasema. "Lakini uliniuliza. Koko tulimukuta mbali na pale batu waliona kinga ikianguka. Mbali kama kutoka hapa mpaka kwa muembe ule. Magoti yake yalichunika. Mikono ilijaa majani na udongo. Alitambaa, dada. Alikuwa anafuata."

Tangu siku hiyo Alphonsine alikuwa na swali moja tu duniani. Hakuuliza nani alimuua mama yake. Waliomuua walikuwa wengi na hakuna aliyewataja. Aliuliza: mama yangu alisema nini? Alimuuliza Léon kwa upole, akamuuliza kwa matusi. Alimuuliza akimtilia chakula. Kila mara Léon alimpa maneno yaleyale ya chini ya turubai, yamelainika kwa kutumiwa kama mpini wa jembe.

Na sasa, Desemba, Léon alikuwa ameanza kupenda utulivu.

Kanisa lilisema mwaka huu hakuna mkesha, usalama haujarudi vizuri, kila familia ikae nyumbani kwake, ipumzike, wazazi watazamane na watoto. Léon aliyachukua maneno hayo kama kibali. Aliziacha mbao zake, maana alikuwa seremala, akawaambia wateja warudi mwezi wa kwanza. Alinunua kahawa mbichi akaikaanga mwenyewe uani, akakaa kwenye mkeka na kumwambia Ketsia, mwenye miaka minne, ahesabu vidole vyake. Alphonsine alipofungua mdomo, aliinua mkono: "Polepole, mama Jemima. Tumekimbia mwaka muzima. Tukae kimya kidogo na batoto betu."

Utulivu gani huo wa kumfunika mtu nao mdomo! Alphonsine alitaka kukaa kimya kuliko mtu yeyote Mudzipela. Alitamani mchana mmoja wa kusuka nywele za Jemima bila kusikiliza barabara, kahawa ikichemka, mtoto mdogo amelala. Alikuwa na vyote hivyo sasa, mbele ya macho yake, na hakuweza kuvionja, kwa sababu kila mume wake alipovuta pumzi ya starehe yeye aliona magoti yaliyochunika.

*

Jumatatu yote walikanda udongo. Alphonsine alikanyaga kwa nguvu hata Jemima akacheka.

"Mama, uko unakanyaga nyoka?"

"Kanyaga na weye. Acha mudomo."

Kuta tatu zilipakwa Jumanne asubuhi. Jemima, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alichora mawimbi kwenye ukuta wa jikoni na kuyaharibu, akayachora tena. Ketsia aliruhusiwa kupaka pale ambapo hakuna atakayepatazama. Léon alibeba udongo, akaleta maji, akasifu kila mmoja. Walipofika ukuta wa mlangoni akachota fungu kubwa la udongo kwa mikono miwili.

"Weka chini," Alphonsine akasema.

"Huu ndio wa mwisho."

"Huu haupakwe."

"Noeli, mama Jemima! Nyumba ikae uchi mbele ya batu?"

"Ikae. Siku ile utaniambia mama yangu alisema nini, ndiyo siku huu utapakwa."

Léon alirudisha udongo kwenye kirundo, akanawa mikono, akaketi kwenye mkeka na kumwita Ketsia kwa sauti ndogo ya upole, waje wahesabu vidole.

Hapo ndipo Papa Eugène alipopiga hodi. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti la suti alilolivaa hata jua likiwaka, na mtu ambaye hakuna aliyemkatalia neno. Alipewa kigoda kilekile cha Gertrude, kwa maana hakukuwa na kingine, na Jemima akamletea kahawa. Aliuliza habari za kila mmoja. Alizitazama kuta tatu akazisifu. Aliutazama wa nne akafanya kama hakuuona.

"Sitakaa sana," akasema. "Nimekuja kwa Léon. Siku ya Noeli, ibada iko saa tatu ya asubuhi. Siye bazee tumeona asimame, aseme tena yale maneno ya koko. Batu bamevunjika moyo. Yale maneno yanatia nguvu."

Léon hakuitikia. Kwa mara ya kwanza Alphonsine alimwona mumewe akisikia jambo bila kuitikia.

"Maneno gani, papa?" Alphonsine akauliza. Alikuwa amesimama na udongo mpaka viwikoni.

"Si unayajua, binti yangu? 'Mimi nimechoka, Bwana ananingoja hapa.'"

Alphonsine alicheka, na Papa Eugène akashusha kikombe.

"Papa Eugène, weye ulimujua mama yangu. Ulikuja hapa wakati wa mvua ile ya mawe. Alikuwa wapi?"

"Alikuwa..." Mzee alikohoa. "Alikuwa chini ya meza."

"Chini ya meza! Akiita nani?"

"Akikuita weye."

"Basi. Huyo ndiye aliona mapanga akasema Bwana ananingoja?"

"Saa ya kifo, binti yangu, mutu anapewa neema."

"Mama Jemima," Léon akasema, "si mbele ya mugeni. Na batoto bako hapa. Tulisema siku hizi tukae polepole."

"Nani alisema? Ni weye ulisema! Ulimukwangua mama yangu kwenye ukuta, sasa unataka tukae juu ya vumbi lake tunywe kahawa?"

Sauti yake ilivuka ua. Nyumba ya pili mtu aliacha kutwanga. Alphonsine hakujali. Kisha alifanya jambo ambalo hakulipanga. Alitembea mpaka katikati ya ua, akajitupa chini kwa ubavu, akanyoosha miguu yake kama miguu isiyo na kazi.

"Mimi ni mama," akasema akiwa chini. "Hapa ni darajani. Kinga imeanguka. Weye uko pale, umesimama. Haya. Nilisema nini?"

"Amka, mama Jemima."

"Mimi si mama Jemima. Mimi ni mukwe wako. Nimeanguka. Nilisema nini?"

Papa Eugène alisimama nusu, akakaa tena. Jemima alimvuta Ketsia kwake. Léon alikuwa ameinuka kutoka mkekani. Alipiga hatua moja kumwendea mkewe na mkono umenyooshwa, halafu mkono ukasimama hewani, haukwenda mbele wala haukurudi. Aliutazama mkono wake mwenyewe. Alphonsine, akiwa chini na udongo shavuni, aliuona mkono huo, na alijua kabla hajaambiwa kwamba anatazama kitu kilichotokea.

"Ulisema, 'Mwanangu, nishike,'" Léon akasema.

Akashusha mkono wake.

"'Nishike, mwanangu.' Mara mbili. Ya tatu hakusema mwanangu, aliniita jina. Léon, nishike."

"Na weye?"

"Nikasema, 'Mama, ngojea kidogo, nitafute mwanamuke akunyanyue.' Nikaenda kutafuta. Kweli nilitafuta, Mungu ananiona. Nilisimamisha mwanamuke moja, akanipita. Nikasimamisha mwingine, alikuwa na mutoto mugongoni na mutungi kichwani, akanitukana. Nikaendelea mbele. Halafu wakapiga bunduki upande wa daraja. Nilirudi kuchukua kinga, ilikuwa imebingirika upande wangu. Mama nilimuona. Alikuwa anakuja kwa magoti. Nikachukua kinga nikaenda."

"Ulikuwa na mikono miwili!"

"Niliona haya."

"Haya!" Alphonsine aliinuka. "Mutu anakufa, weye unaona haya! Haya ya nani? Wenye mapanga wangekuangalia wakucheke?"

Basi Léon, mpole wa Mudzipela, aliinua kichwa akamtazama mkewe moja kwa moja, jambo ambalo hakulifanya tangu mwezi wa tano.

"Haya yako," akasema. "Umesahau siku ile ingine ya mvua, miaka mbili nyuma? Alianguka hapa, hapa unaposimama, na weye ulikuwa kisimani. Nikamubeba. Nikamuingiza ndani nikamulaza. Ukarudi, ukanipigia kelele mpaka mutaa wote ukaja. Ulisema mimi ni mutu bila adabu. Ulisema nimemuvua mama yako nguo mbele ya batu. Ulichukua jogoo moja ukamupelekea, ukasema ni mimi nimemuomba samahani. Mbele ya batu wote. Papa Eugène alikuwako."

Alphonsine aliikumbuka siku hiyo vizuri. Alikumbuka mtungi alioutua mlangoni, alikumbuka maneno aliyomtupia Léon, na alikumbuka mama yake kitandani, amelowa, akisema, "Wacha mutoto wa watu, amenisaidia," na yeye akimjibu mama yake, "Weye nyamaza, utatuletea aibu." Miaka miwili hakuwahi kuikumbuka sehemu hiyo.

Papa Eugène aliona ni zamu yake. "Adabu ya ukwe si jambo dogo," akasema. "Wote walifanya kama walivyofundishwa. Tusilaumiane, hasa wakati huu wa Noeli, familia inapaswa..."

"Papa Eugène," Alphonsine akasema, "kunywa kahawa yako."

Mzee alikunywa.

"Sasa niambie. Maneno haya, ya leo, Léon ayaseme kanisani siku ya Noeli?"

"Haya?" Papa Eugène alitazama ndani ya kikombe. "Haya... batu hawana nguvu ya kuyasikia siku ya shangwe. Labda Pasaka."

"Basi na yale mengine asiyaseme tena. Si Noeli, si Pasaka. Mama yangu hakuyasema. Musimuvalishe nguo ya mutu mwingine."

Papa Eugène alimaliza kahawa, akashukuru, akasema nyumba inapendeza sana, akaondoka na koti lake. Ua ulibaki na watu wanne. Léon alichota udongo kidogo, akauliza kwa sauti isiyosikika vizuri kama sasa anaweza kupaka ukuta.

"Hapana," Alphonsine akasema.

"Lakini nimesema. Ulisema nikisema..."

"Nilisema. Sasa ninasema mengine."

*

Usiku ule hawakuongea, wala Jumatano asubuhi. Alphonsine alimsuka Jemima mlangoni, mistari sita kwenda nyuma, na alivuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika mpaka mtoto akasema "Yalaa!" ndipo akalegeza. Hasira haikuwa imeondoka. Alikuwa amefikiri kwamba akilipata neno lile atapumua, na sasa analo, na neno lenyewe lilikuwa baya kuliko yote aliyoyawaza. Nishike. Lilikuwa la mama yake kabisa. Ndilo alilolisema radi ilipopiga, ndilo alilolisema akienda chooni, kwa kunung'unika, akiwa amenyoosha mkono kabla mtu hajafika. Zaidi ya yote lilimkasirisha kwamba sasa hasira yake ilikuwa na njia mbili za kwenda, na moja ilirudi kwake.

Saa nane mchana majirani walianza kupita. Pembe ilikuwa imekauka, kuta tatu ziling'aa, na watu walisifu mawimbi ya Jemima, wengine wakasema yanafanana na nyoka aliyelewa pombe ya mandro. Walicheka, wakanywa kahawa. Walipofika mbele walinyamaza. Ukuta wa mlangoni ulikuwa mtupu, miti inaonekana, alama za panga juu yake. Mmoja aliuliza, Léon akasema, "Udongo ulikwisha," na Alphonsine, aliyekuwa kwenye mkeka na Ketsia mapajani, alimtazama tu. Wa pili aliuliza, Léon akasema, "Tutaumaliza Bonane," na akamtazama mkewe kabla hajamaliza kusema.

Wa tatu alikuwa Véronique. Alikuwa amejifunga kitenge kipya na alikuja akipiga kelele tangu njiani, kama kawaida yake.

"Jameni, hawa wana nyumba au keki? Hebu nione! Huu nani amechora? Jemima? Hee, bibi harusi!" Alizunguka kona ya nyumba akasimama. Mkono wake ulikwenda mdomoni. "Ukuta wa koko. Nani ameufanya hivi?"

"Ni mimi," Léon akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alisimama, akasogea mpaka karibu na ukuta, akasimama kando yake kama mtu anayepigwa picha.

"Nimeukwangua mimi. Na haupakwe, kwa sababu kuna jambo. Véronique, weye ulimuzika. Kule darajani, mama hakusema kwamba amechoka. Nilisema uongo. Alisema nishike. Mara tatu. Nilikuwa na mikono, sikumushika."

Véronique hakushangaa. Alimgeukia Alphonsine.

Alphonsine alimhamisha Ketsia kutoka paja hili kwenda lile. Hakutaka kusema. Alitaka kumwacha mwanamume yule asimame peke yake kando ya ukuta mpaka jua lizame, na Bonane imkute pale, na Pasaka.

"Ni mimi nilimukataza," akasema, kwa ukali, kana kwamba anamtukana mtu. "Siku ile ya mvua. Alimubeba mama, nikamutukana. Umesikia? Ukiwaambia batu, usiseme ya Léon tu. Sema yote."

"Nimesikia, dada."

"Basi keti. Jemima, lete kikombe."

Véronique aliketi. Kuni zililia jikoni, Ketsia alikuwa amelala mdomo wazi, na nywele za Jemima zilinukia mafuta mapya. Alphonsine hakumtilia Léon kahawa. Léon alijitilia mwenyewe, akaja kuketi chini, upande wa pili wa mlango. Alphonsine alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Tangu mwezi wa tano alikuwa akinywa kahawa kama mtu anayemeza dawa. Akainywa hii kidogo kidogo, akautazama ukuta ule mtupu, na alikuwa bado amekasirika.